Farasi Aliyewekwa Ndani

Kosa lilianza kwa shangazi, na shangazi mwenyewe mpaka leo anakataa.

Shangazi Verediana ni kungwi. Pale Mafinga, ukitaka binti yako siku ya harusi atoke anang'aa mpaka majirani waulizane huyu mtoto wa nani, unampeleka kwake. Anamweka ndani. Anamkataza jua, anamkataza kuni, anamkataza ndoo kichwani, anamlisha mpaka mashavu yanaanza kusukuma macho, na kila jioni anamsugua mafuta ya alizeti huku anamfundisha namna ya kuishi na wakwe. Hajawahi kutoa binti mbaya. Kwa hiyo Faustina, mtoto wa kaka yake, alipomwambia kwamba Madamu ameitwa harusini Iringa, shangazi aliuliza kitu kimoja tu: ameshawekwa ndani?

Faustina akacheka. Shangazi hakucheka.

Sasa, Madamu ni farasi. Farasi jike, rangi ya chai ya maziwa, na jina alilipata kwa sababu anatembea kama mwalimu wa nidhamu anayekagua mstarini asubuhi: polepole, shingo juu, jicho pembeni, na usipomsalimia anakuweka moyoni. Anaishi kwenye shamba moja nje kidogo ya mji, pale mipaini inapoanza, ambako watalii wanakuja kupanda farasi na kupiga picha na ukungu. Faustina ndiye mtunzaji. Anawalisha, anawapiga brashi, anawakagua kwato, na anaongea nao mpaka farasi wenyewe wanachoka.

Harusi ilikuwa ya Darshan, kijana wa mashine za kukoboa mpunga kule Rujewa, aliyekuwa anaoa Iringa mjini. Kwao Wahindu bwana harusi anafika kwa bibi harusi akiwa juu ya farasi jike, ndugu wanacheza mbele yake, ngoma zinapigwa, njia nzima inasimama kuangalia. Na mwenye shughuli hiyo hakuwa Darshan wala baba yake. Alikuwa bibi yake, ambaye nyumbani wanamwita Ba, yaani bibi, na mji mzima ukaongezea bibi wa kwake ukamwita Bibi Ba. Yeye siku yake, miaka hiyo, mumewe alikuja kumwoa na lori la mchele, maana farasi hakupatikana kuanzia Iringa mpaka Mbeya. Bibi Ba alimsamehe marehemu mambo mengi, lakini lile lori hapana.

Alikuja mwenyewe shambani kumchagua Madamu. Akamshika Faustina mkono, akaongea naye Kihehe kile cha ndani kabisa, ambacho Faustina ilibidi akiitikie huku anakitafsiri kichwani, kwamba yeye anataka kitu kimoja tu kabla macho hayajafunga: kumwona mjukuu wake anafika mlangoni juu ya farasi. Faustina akaahidi. Ungefanyaje? Bibi kakushika mkono, ana machozi, na Kihehe chake kinakushinda wewe Mhehe.

Kwa hiyo shangazi alipouliza kama Madamu amewekwa ndani, Faustina alicheka, halafu usiku ule akalala vibaya, halafu asubuhi akaona mbona si vibaya. Harusi ni harusi. Akamfungia Madamu kwenye banda la mwisho, akatundika kanga dirishani ili jua lisimguse. Wenzake wakawa wanatoka na watalii kila siku kuzunguka msituni, yeye anasikia kwato zao kwa mbali kama binti anayesikia wenzake wakienda gulioni. Habari ikafika Rujewa kwamba farasi anaandaliwa, na watu wa mashine wakafurahi wakatuma magunia ya chenga, zile punje zinazovunjika mashineni. Madamu akapelekewa chenga asubuhi, chenga mchana, chenga jioni. Majani mabichi, kidogo sana, shangazi alisema yanachafua meno.

Shangazi alikuja na chupa yake ya mafuta. Mwanzo alisimama mbali, maana farasi ni mkubwa kuliko mabinti aliowazoea. Baadaye akasogea, akamsugua kuanzia shingoni mpaka kwenye mapaja, akamwambia sikioni asijibizane na wakwe, na asile mbele za watu kama mwenye njaa. Madamu alikuwa anasikiliza na masikio yote mawili. Baada ya wiki tatu hivi alikuwa amenona, anateleza, ukipitisha mkono juu ya mgongo unarudi unanukia alizeti. Shangazi alimpigia kigelegele palepale bandani, na farasi wa banda la pili akashtuka akapiga ukuta teke.

Ndipo akaja Darshan.

Alikuja na pikipiki kutoka Rujewa, wiki moja na ushee kabla ya harusi, bila kuaga mtu. Wenzake wa mashineni walikuwa wamemtania mpaka basi. Walishasema ataanguka kabla ya kona ya kwanza, na kwenye grupu lao la WhatsApp mtu alikuwa ameweka picha yake amekaa juu ya gunia la mpunga, kavishwa kilemba. Akataka ajifunze kimyakimya. Darshan ni mtu wa pikipiki tangu yuko shule. Barabara ya vumbi ya kwenda Madibira anaipita mpaka kuku wanamfahamu. Akamwambia Faustina mnyama ni mnyama tu, aonyeshwe gia ziko wapi.

Faustina alimwekea Madamu tandiko, akampandisha mgeni, akamweleza vizuri: atembee mpaka getini, ageuke, arudi, basi. Lakini huyu mwanafunzi alikuwa na visigino vya mtu anayepiga gia, na mwanafunzi wa pili, yule wa miguu minne, alikuwa na wiki tatu za chenga tumboni na harufu ya mipaini puani. Darshan alipobana tu, waliondoka. Faustina aliwakimbilia mpaka barabarani. Kitu cha mwisho alichokiona ni Madamu analipita fuso la mbao kwenye mlima, mkia juu kama bendera, na dereva wa fuso, mtu mzima, badala ya kupunguza mwendo anawapigia honi ya kuwashangilia.

Walirudi baada ya muda mrefu, Darshan kwa miguu. Shati limechanika begani, uso wote meno. Akasema huyu mama ana injini, huyu. Nyuma yake Madamu alikuwa ameloa jasho jeupe kama povu la sabuni ya kufulia, na alikuwa anatembea kwa hatua fupifupi, kama mtu aliyevaa sketi ya kubana. Akafika mbele ya banda akasimama. Akakataa hatua nyingine. Faustina akamshika paja, akakuta limekuwa ubao, linatetemeka kwa ndani. Halafu Madamu akakojoa, na mkojo ulikuwa mweusi kama kahawa.

Meno ya Darshan yakarudi ndani.

Faustina alimpigia shangazi kwanza, kwa mazoea. Shangazi akasema huyo kakaza tu, wamtembeze atalainika, na mabinti nao wakitoka ndani wanakuwa hivyohivyo. Darshan alikuwa ameshaanza kuvuta kamba. Faustina akamwangalia Madamu usoni, akaona pua inavyopanuka na kusinyaa, akamwambia Darshan aache, asimsogeze hata kidogo. Halafu akampigia daktari.

Daktari wa mifugo anaitwa Andendekisye, Mnyakyusa wa Mbeya, mrefu, mpole, anayezunguka kati ya Mbeya na Iringa kwa ajili ya ng'ombe wa maziwa, na siku hiyo bahati alikuwa Mafinga kwenye chanjo. Akafika na buti zake na harufu yake ya ng'ombe. Alisema kabisa kwamba farasi amewasoma chuoni kwa wiki chache tu na hajawaona tena, kwa hiyo alichokijua angekisema, na asichokijua angempigia mwalimu wake. Faustina akampenda hapohapo, kikazi. Daktari akamfunika Madamu blanketi, akampa maji, akamchoma sindano ya maumivu, akatoa damu ya kupeleka maabara Iringa, akampigia kweli mwalimu wake, wakaongea muda mrefu kwa Kiingereza kilichojaa namba. Kisha akakata simu.

"Ana stresi," alisema.

"Stresi ya nini?" Faustina akauliza. "Hana ada, hana mume."

"Siyo ya kichwani, dada. Ya kwenye misuli." Akachuchumaa, akachora jiko kwenye vumbi kwa kijiti. "Chukulia misuli ni jiko la mkaa. Hewa ya oksijeni ndiyo upepo. Ukipepea kawaida, moto unawaka, ugali unaiva. Ukipepea kama mwehu, cheche zinaruka, zinachoma mkeka. Huyu amekimbia kama mwehu, na jiko lenyewe mlilijaza mkaa mpaka juu. Cheche zimemuunguza kwa ndani. Ule weusi wa mkojo ni misuli yenyewe inatoka."

Faustina akasema mbona wenzake kila siku wanakimbia na watalii na hawaungui. Daktari akasema mwili una zimamoto wake. Hao zimamoto wanakula majani mabichi, na mazoezi wanayapata kwenye moto mdogo mdogo wa kila siku: farasi akitembea, cheche kidogo, zimamoto wanaamka, wanazima, wanakaa macho. Kisha akaangalia huku na huku, akauliza kabla ya leo farasi alikuwa anafanya kazi gani.

Faustina akatazama buti zake. "Alikuwa amewekwa ndani."

Daktari akainuka. Macho yake yakaenda dirishani kwenye kanga, yakashuka kwenye gunia la chenga, yakarudi kwa Madamu anayenukia alizeti. "Kawekwa ndani na nani?"

"Na shangazi."

"Shangazi wa farasi?"

"Shangazi yangu."

Daktari akageukia mkoba wake, akawa anatafuta kitu ambacho hakikuwepo, na mabega yake yakawa yanacheza. Darshan, aliyekuwa amekaa juu ya ndoo akiwa kama kuku aliyenyeshewa, alijaribu kucheka naye, akaona hakuna aliyemkaribisha, akaacha.

Masharti yakatolewa. Chenga basi. Majani mabichi, maji, chumvi, na vitamini E ya kipimo. Faustina akaomba kipimo mara mbili, ili apone haraka. Daktari akakataa. Alisema ukiijaza nyumba zimamoto mpaka mlangoni, wenye nyumba watapita wapi, na tena mwili ukizoea kuzimiwa moto na watu wa nje, wale wa kwake hawajifunzi. Akipata nafuu, atembezwe kwa mkono, kidogo leo, kesho zaidi kidogo. Sharti la mwisho alilisema amesimama, na kwa sauti ya mtu asiyetania.

"Mgongoni asikae mtu. Si mtoto, si kwa picha. Akibebeshwa sasa, yale yaliyoungua yanaungua tena, na safari hii anaweza asiwe Madamu tena. Atakuwa farasi wa kusimama tu."

Kwa hiyo mambo yakawa mawili, na yote yalikuwa ya Faustina. Kulikuwa na ahadi aliyompa bibi wa watu, na kulikuwa na miguu ya Madamu. Alijua moja lazima livunjike. Na alijua kabisa kwamba akienda kumwambia Bibi Ba, atashikwa tena mkono, ataongeleshwa tena kile Kihehe, na ataahidi tena. Darshan akaona uso wake akamhurumia, au alijihurumia mwenyewe, akasema amwachie yeye. Ba ni bibi yake, ataongea naye mwenyewe, farasi atakuja Iringa avalishwe maua atembee pembeni, yeye atakwenda kwa miguu. Faustina akashusha pumzi mpaka kifungo cha jaketi kikalegea.

Siku zilizofuata habari zikaenea kwamba farasi wa harusi ana stresi. Wateja wa shangazi wakaja kumpa pole. Mama mmoja wa kwaya ya KKKT akaleta machungwa, akamwambia Madamu hata yeye wiki ya harusi yake alitaka kutoroka kwenda Njombe. Shangazi hakuja. Alituma ujumbe kwamba yeye kazi yake ilikuwa nzuri, kilichoharibu ni dereva. Na daktari akawa anapita. Alipita na majibu ya damu yakisema misuli inapona, akapita siku nyingine bila majibu yoyote, akapita na mfuko wa maparachichi kutoka Mbeya akisema ni kwa ajili ya nguvu ya mtunzaji. Ng'ombe walimngoja.

Mkojo ukawa mweupe. Hatua zikawa ndefu. Madamu akatembezwa mpaka getini, siku ya pili mpaka kwenye mipaini, na siku ya tatu alimkanyaga Faustina mguu kwa makusudi, ndipo Faustina akajua ameanza kupona. Kila jioni alimuuliza Darshan kwa ujumbe kama ameshaongea na Ba. Kila jioni Darshan alimjibu kwa kidole gumba.

Jumamosi wakampakia kwenye lori lililotandikwa maranda ya mbao, daktari kiti cha mbele, wakaenda taratibu mpaka Iringa. Mtaani walikuta watu wameshajaa. Kulikuwa na matarumbeta juu ya pikapu, wajomba waliovaa suti na vilemba vya rangi ya waridi, na ile kamera ndogo ya kuruka iliyokuwa inalia juu kama nyigu. Darshan alikuwa amependeza, lazima isemwe. Koti la dhahabu, viatu vyenye ncha zilizopinda juu. Faustina akamshusha Madamu, na watu wakaitikia kwa pamoja kama wameambiwa. Alikuwa na maua shingoni na kitambaa chekundu cha vioo vidogo mgongoni. Mgongo wenyewe mtupu.

Bibi Ba alikuwa kwenye kiti, kwenye kivuli cha duka, sari ya zambarau, fimbo mapajani. Akamtazama farasi kuanzia masikio. Macho yalipofika mgongoni yakasimama hapo.

"Tandiko liko wapi?"

Faustina akamtazama Darshan. Darshan akatazama ncha za viatu vyake. Hapo ndipo Faustina alipoelewa kwamba kidole gumba ni kidole tu.

Wajomba wakaingilia kati haraka, maana saa inakwenda. Mmoja akasema bila tandiko pia inawezekana, wahenga wao walipanda hivyohivyo. Mwingine akasema basi iwe mpaka kwenye ile kona tu, za picha, kisha ashuke. Wa tatu, mnene kidogo, alikuwa ameshainama karibu na tumbo la Madamu na kufumba viganja vyake pamoja, Darshan aweke mguu. Matarumbeta wakafikiri ndiyo ishara, wakaanza. Faustina alimtafuta daktari kwa macho, akamwona kule kwenye meza ya vitafunwa, mashavu yote mawili yamejaa, ametoa macho, anapunga mkono na hawezi kusema.

"Hapandwi," Faustina akasema.

Hakuna aliyesikia. Hata yeye hakusikia vizuri. Mguu wa Darshan ulikuwa unanyanyuka, si kwa ubaya, alikuwa kama mtu anayesukumwa kwenye foleni. Faustina akapita chini ya shingo ya Madamu, akasimama katikati ya mjomba na farasi, mgongo wake kwenye mbavu za Madamu, na matarumbeta wakanyamaza mmoja mmoja kwa sababu waliuona uso wake.

"Hapandwi. Bibi, nilikuahidi na leo nakuvunjia. Nilimfungia ndani nikamjaza chenga, nikidhani namtendea mema, na alipotoka akakimbizwa mpaka misuli ikaungua. Akikaliwa leo tutampoteza. Bora unikasirikie mimi, kwa sababu mimi naweza kuomba msamaha. Yeye akiharibika hatapona tena."

Kile kinyigu cha juu tu ndicho kiliendelea kulia.

"Aliyemkimbiza ni mimi, Ba," Darshan akasema. Mguu wake ulikuwa bado uko hewani, akaushusha. "Nilitaka nisianguke mbele yako."

Bibi Ba akanyanyuka. Watu wakampisha mpaka kwa Madamu. Akaweka kiganja kwenye paja la farasi, akalibonyeza polepole kwa vidole, kama anavyopima kitambaa dukani kujua ni pamba au ni uongo. Madamu akageuza kichwa akamtazama. Wakatazamana hivyo, wanawake wawili wasiopenda kuharakishwa. Daktari ndiyo kwanza alikuwa ameweza kumeza, akaja mbio. Bibi Ba akamuuliza kama mnyama anaumia hapo alipo. Daktari akasema hapana, kutembea kunamfaa, uzito ndio utamrudisha nyuma.

Bibi Ba akafuta machozi na ncha ya sari, akamgeukia mjukuu wake.

"Utatembea naye. Begani kwake, hapa. Akisimama, unasimama. Akila, unasubiri. Na usimvute." Akarudi kwenye kiti. "Ndiyo ndoa hiyo, dikra, mwanangu. Anza leo."

Wakaondoka. Msafara ambao ungechukua muda wa kunywa chai ulichukua muda wa kupika pilau, kula na kuosha vyombo. Madamu alitembea kama ilivyo kawaida yake, anakagua. Alisimama mbele ya duka la vitambaa, akala maua ya mlangoni. Alisimama kwa mama muuza mboga, akala fungu la chainizi na kuanza la pili, na Darshan akalipa huku daktari akisema aachwe, hayo ndiyo chakula cha zimamoto. Kila aliposimama, wajomba ilibidi waendelee kucheza palepale, maana mbele ya bwana harusi hakuachwi kimya. Mlima wa Iringa si wa kuchezea ukiwa na suti. Yule mnene akakaa kwenye ukingo wa barabara akishika mapaja, na daktari akamweleza habari ya cheche mpaka mjomba akamwomba anyamaze. Matarumbeta walirudia wimbo uleule hadi midomo ikavimba. Bibi Ba alikuwa nyuma kwenye bajaji, amemwambia dereva asipige honi hata mara moja.

Viatu vya Darshan vikamuuma, akavua, akavipa watoto wabebe. Miguu mitupu, koti la dhahabu, mkono begani kwa Madamu, akaanza kuongea naye. Faustina, aliyeshika kamba upande wa pili, hakusikiliza, ila alisikia. Alikuwa anamwambia anaogopa. Siyo kuanguka. Kuoa. Madamu alimpulizia pumzi ya chainizi usoni.

Kwa bibi harusi walikuwa wamengoja mpaka watoto wamelala juu ya viti. Mama mkwe alikuwa mlangoni na sinia ya taa na vitamu. Kwao mama mkwe akimpokea bwana harusi anamvizia amkamate pua, kumkumbusha kwamba pamoja na dhahabu yote hiyo amekuja kuomba. Bwana harusi naye anatakiwa akwepe. Na mama huyu alikuwa amengoja muda mrefu mno, mkono ulikuwa umeshakaza. Alipoona kilemba tu, akaurusha. Lakini Darshan alikuwa begani kwa farasi kama alivyoamriwa, na mbele yake kulikuwa na shingo ndefu iliyonyooka kuelekea kwenye vitamu.

Mama mkwe alikamata pua ya Madamu. Akaishika vizuri kabisa, na vidole vyote.

Hakuna aliyejua mila inasemaje hapo. Madamu alikaa ameshikwa, ametulia, macho pembeni, kisha akapiga chafya moja iliyozima taa na kufagia sinia. Kutoka dirisha la juu akasikika mtu anacheka mpaka anakohoa, na huyo alikuwa bibi harusi. Halafu Bibi Ba akasikika kutoka kwenye bajaji, halafu mama mkwe mwenyewe, amejaa unga wa ladu, vile vitamu vya kwenye sinia, mpaka kwenye nyusi. Darshan alicheka akisahau kukwepa, na pua yake ikakamatwa na mkono wa pili.

Wakati wanaingizwa ndani, Faustina alimpeleka Madamu kivulini, akapitisha mkono kwenye paja. Alilibonyeza, akalibonyeza tena. Lilikuwa laini na vuguvugu, kama unga wa chapati uliolala. Daktari akaja upande uleule, akaweka na yeye kiganja, karibu, kuhakikisha.

"Limelainika," akasema.

"Eeh," Faustina akasema, na alisahau kutoa mkono wake pale. Daktari naye alisahau wa kwake. Madamu, ambaye hajawahi kupenda kushikwa matako mbele za wakwe, akawachapa wote wawili na mkia.